Msafiri Bila Daftari Hupotea Bila Habari

(Mhadhara kwa jamaa wa msikiti, Magogoni, Dar es Salaam)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baad:

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu na vijana wetu,

Wazee wa biashara walituachia neno fupi: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili halihitaji sherehe mbele ya watu wa Kariakoo. Mwenye duka asiyeandika anachokopesha, mwaka ukiisha hajui mali yake imekwenda wapi, wala hana wa kumdai. Leo tunataka kulitoa neno hilo dukani na kulitia katika jambo linalotugusa sote, nalo ni safari ya nje ya nchi. Kwa hakika tunaandika majora ya vitambaa na magunia ya mchele, kisha tunamwacha binti yetu apande ndege kwenda nchi ya mbali, na nyumbani haikubaki hata karatasi moja inayosema amekwenda kwa nani, kwa kazi gani na kwa ujira gani. Je, mwanadamu si bora kuliko gunia?

Mji wetu huu umeishi kwa safari. Wafanyabiashara wetu huenda Dubai na Guangzhou kufuata bidhaa. Wanafunzi wetu huenda Madina, Cairo na kwingineko kutafuta elimu. Mahujaji wetu huenda Makka. Mabinti zetu huenda Muscat na Abu Dhabi kutafuta riziki. Na kwa upande wa pili, wageni kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro huja Kariakoo kununua na kuuza. Wote hao, anayekwenda na anayekuja, wakiwa ugenini wanahitaji mkono wa serikali zao. Mkono huo ndio unaoitwa huduma za kikonseli. Tunakusudia kueleza mkono huo ni upi, unafika wapi na unakomea wapi, na kwa nini aghalabu humkosa yule ambaye hakuandikwa popote.

KONSELI NI NANI?

Balozi ni mjumbe wa dola kwa dola. Yeye hushughulika na mambo ya nchi mbili: mikataba, siasa na biashara kubwa. Konseli kazi yake ni mtu mmoja mmoja: raia aliyepotelewa na pasipoti, aliyekamatwa, aliyeugua, aliyefiwa au anayetaka karatasi yake ithibitishwe. Katika balozi nyingi kazi hizi mbili huwa ndani ya jengo moja. Katika miji mingine huwekwa ofisi ya konseli peke yake, kama ilivyo Konseli Kuu ya Tanzania mjini Dubai, hali ubalozi wenyewe uko Abu Dhabi.

Kazi hizi zimeandikwa katika Mkataba wa Vienna kuhusu Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963. Kifungu cha 5 cha mkataba huo kinaorodhesha kazi za konseli: kulinda maslahi ya raia wake, kutoa pasipoti na hati za safari kwa raia, kutoa viza kwa wageni wanaotaka kuja nchini kwake, kuthibitisha nyaraka, kuandikisha vizazi na vifo, na kulinda haki za watoto na za warithi pale raia anapofariki ugenini.

Tutoe mfano ulio karibu nasi. Baba yuko Muscat, na binti yake hapa Kariakoo amepata mchumba. Baba hawezi kuja. Anakwenda ubalozini, anaandika hati ya uwakala kumpa ndugu yake idhini ya kumwozesha binti, anatia saini mbele ya ofisa, na muhuri unapigwa. Hati hiyo ikifika hapa, hakuna wa kuuliza iwapo saini ni ya baba kweli au ya kubuni. Ni vivyo hivyo kwa anayetaka kuuza kiwanja chake au kugawa mirathi akiwa mbali. Nasi tuliosoma katika nchi za Kiarabu tunajua kuwa cheti cha mwanafunzi, kabla hakijapokewa na chuo cha ugenini, hupita wizarani na ubalozini ili kila ofisi ithibitishe muhuri wa iliyotangulia. Huo ndio mnyororo wa uaminifu baina ya dola na dola.

Kifungu cha 36 ni kizito zaidi. Mgeni akikamatwa na kuwekwa kizuizini, wakuu wa nchi ile wanapaswa kumjulisha bila kuchelewa kwamba anayo haki ya konseli wake kupewa habari, na konseli anayo haki ya kumtembelea na kumtafutia wa kumtetea. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu kuwa Marekani ilivunja kifungu hiki katika shauri lililofunguliwa na Mexico kuhusu raia wake waliohukumiwa kifo. Ikiwa dola kubwa kama ile inaweza kushitakiwa kwa jambo hili, basi ni jambo ambalo kila msafiri anapaswa kulijua kabla hajaondoka kwao.

HAPO KALE KONSELI ALIKUWA WA WENGINE

Pwani yetu ilimjua konseli kabla haijawa na konseli wake. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 konseli wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja, na mwaka 1841 akafuata wa Uingereza, Atkins Hamerton. Makonseli hao walikuwa na nguvu kubwa. Raia wao wakigombana au kushitakiwa, aghalabu shauri lilikwenda kwa konseli na si kwa kadhi wa Sultani. Mgeni alikuwa na mtetezi mwenye bendera mlangoni.

Na mtu wa pwani aliyekwenda ng'ambo je? Mwaka 1840 Ahmad bin Na'aman alikwenda New York na jahazi la Sultana, akiwa mjumbe wa Sayyid Said. Yeye alipokewa kwa heshima kwa kuwa alikuwa mjumbe wa mtawala. Lakini baharia wa kawaida aliyeachwa katika bandari ya ugenini hakuwa na ofisi ya kubisha hodi. Hali hiyo ilibadilika pale nchi yetu ilipojitawala mwaka 1961 na kuanza kufungua balozi zake. Kwa hiyo jengo lenye bendera yetu huko Muscat, Riyadh au Cairo si la wakubwa peke yao. Ni mlango ambao babu zetu hawakuwa nao.

PASIPOTI NI AMANA

Wanavyuoni wetu katika vitabu vya fiqhi wameeleza kwa urefu hukumu za amani, yaani dhamana anayopewa mgeni aingie katika nchi na damu yake na mali yake zilindwe. Wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wanaiona viza kuwa ni mkataba wa aina hiyo. Mwenye nchi anaahidi kumlinda mgeni, na mgeni anaahidi kutofanya hiana wala kuvunja sharti aliloingilia. Aliyeomba viza ya matembezi kisha akaenda kufanya kazi, amevunja ahadi aliyoitia saini. Nasi tunajua Qur'an inavyosisitiza kutimiza ahadi.

Pasipoti nayo ni amana ya aina yake. Wengi hudhani ni mali ya aliyeandikwa ndani yake. La hasha. Ni mali ya serikali iliyoitoa, na raia amekabidhiwa tu aitumie. Kwa hiyo mtu binafsi anayeishika pasipoti ya mfanyakazi wake na kuifungia kabatini, ameshika kitu ambacho si chake wala si cha mfanyakazi. Ndiyo maana katika nchi nyingi za Ghuba sheria yenyewe inamkataza mwajiri kufanya hivyo, ingawa wako wanaofanya.

Mwezi wa Januari mwaka 2018 nchi yetu ilizindua pasipoti ya kielektroniki, ikatangazwa kwa ada ya shilingi 150,000 na muda wa miaka 10. Maombi yake yakaanza kufanywa kwa njia ya intaneti. Mwombaji hutakiwa kuthibitisha uraia wake kwa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, na ushahidi wa kuzaliwa kwa mzazi. Hapa ndipo vishoka wanapopata riziki yao ya haramu. Jina la cheti cha kuzaliwa ni Mwanahamisi, la kitambulisho ni Hamisa, la cheti cha ndoa ni jina la tatu, na kishoka anasema atalimaliza kwa siku mbili. Ndugu zetu, karatasi ya uongo huonekana nyepesi siku ya kuinunua, na huwa nzito siku ya shida, pale konseli anapouliza wewe ni nani na karatasi zako zinajibu kwa sauti tatu.

MIFANO MIWILI YA MIAKA YA KARIBUNI

Tarehe 15 Aprili 2023, katika siku za mwisho za Ramadhani, vita vilizuka Khartoum. Mji ule ulikuwa na wanafunzi wengi wa Kitanzania, kwani Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichoko pale kimesomesha vijana wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Uwanja wa ndege ukafungwa na umeme ukakatika. Kabla mwezi huo haujaisha, Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, walikuwa wamekwishatolewa kwa njia ya barabara hadi Ethiopia na kurejeshwa nyumbani kwa ndege. Kazi kama hiyo huanza na orodha. Ofisa wa ubalozi katikati ya mabomu hawezi kubisha hodi nyumba kwa nyumba akiuliza iwapo humo mna Mtanzania. Anahitaji majina, namba za simu na mahali wanapokaa, na vitu hivyo havikusanywi siku ya vita. Hukusanywa siku ya amani, na kijana anayefika masomoni akajiandikisha ubalozini.

Mfano wa pili ni mchungu. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kuwa watu 1,301 walifariki, na kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali cha Hija. Wengi walikuwa wameingia kwa viza za matembezi. Hema lenye ubaridi lilikuwa la mwenye kibali, na basi vilevile. Asiye na kibali alitembea masafa marefu juani bila kivuli. Na wapo waliofariki bila kitambulisho chochote mwilini, hata ikachukua muda kuwatambua na kuwapa habari jamaa zao. Huko Misri serikali iliyafutia leseni makampuni 16 ya safari kwa jambo hilo. Tunawaombea maghufira wote waliofariki. Lakini hatuna budi kusema wazi kuwa dalali aliyewauzia njia ya mkato alipokea fedha zao, akawaacha nje ya daftari.

MABINTI ZETU WA GHUBA

Sasa tuje katika jambo lililotufanya tuuzungumze mlango huu. Mwezi Novemba mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa baada ya kuwahoji wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Taarifa ilieleza pasipoti kuchukuliwa na waajiri, ujira kupunguzwa au kutolipwa, kazi za saa nyingi bila mapumziko, na wengine kupigwa na kudhalilishwa. Hatusemi kuwa kila nyumba ya huko ni nyumba ya dhulma. Wapo waliokwenda wakatendewa wema, wakajenga na wakasomesha wadogo zao. Lakini aliyepata mwajiri mwema hahitaji konseli. Mpango huwekwa kwa ajili ya aliyepata mbaya.

Katika nchi hizo upo utaratibu unaoitwa kafala. Ukaazi wa mfanyakazi hufungamanishwa na mwajiri wake, na akitoka nyumbani kwake bila ruhusa anaweza kuripotiwa kuwa mtoro na kukamatwa. Kwa hiyo binti anayekimbia kipigo usiku, asubuhi huwa yeye ndiye mwenye kosa. Akifika ubalozini akiwa na mkataba uliohakikiwa, ofisa analo la kushika. Lipo jina la mwajiri, anuani, kiwango cha ujira, na sahihi aliyoitia mwenyewe. Akifika bila mkataba, alipitishwa nchi jirani na wakala asiyejulikana kwa viza ya matembezi, ofisa atampokea kwa ubinadamu na kumtafutia hati ya dharura ya kurudi nyumbani, lakini ujira wake wa miezi minane utadaiwa kwa nani, na kwa ushahidi gani?

Hakika aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Ujira wa mfanyakazi ni deni juu ya mwajiri. Mzazi anayesoma aya ile kila Ramadhani, kisha akamtoa mwanawe kwa maneno matupu ya dalali, aiangalie tena.

MIPAKA YA KONSELI

Tusije tukampa konseli kazi isiyo yake, kisha tukamlaumu. Hawezi kumtoa mtu jela, kwani mkataba ule ule wa Vienna unamtaka aheshimu sheria za nchi aliyomo. Hawezi kulipa madeni ya msafiri, wala kumtafutia kazi, wala kuhukumu baina ya wagomvi. Anaweza kumtembelea mfungwa, kuwajulisha jamaa zake, kufuatilia kesi isiende kwa dhulma, na kusaidia maiti ipate nyaraka na mazishi.

Kwa sababu hiyo, vijana wetu wajihadhari na mzigo wa mtu. Kuanzia mwaka 2013 barua za wafungwa wa Kitanzania walioko Hong Kong zilienea, wakiwaonya wenzao nyumbani wasikubali kubeba dawa za kulevya. Zipo nchi ambazo adhabu ya kosa hilo ni kifo. Aliyeambiwa "nipelekee tu kifurushi hiki" ajue kuwa uwanja wa ndege haumjui mwenye kifurushi. Unamjua aliyekishika.

NA WAGENI WETU

Haki hii ina pande mbili. Mfanyabiashara kutoka Lubumbashi akiibiwa mkoba Kariakoo, ndani yake mna fedha na pasipoti, yeye ndiye msafiri, na sisi ndio wenyeji. Tumpeleke Kituo cha Polisi Msimbazi apate taarifa ya upotevu, kisha tumwelekeze ubalozi wa nchi yake hapa Dar es Salaam, nao watampa hati ya kumrudisha kwao. Huo ndio wema tunaoutamani kwa wana wetu. Wala tusiwe sisi wenye kumshikia mgeni pasipoti kwa sababu ya deni la mzigo. Tunachokichukia Muscat tusikifanye Msimbazi.

WAJIBU WETU

Ndugu zetu, baada ya maelezo haya tunausia mambo matano:

Kwanza, majina yafanane. Kabla ya kuomba pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na vyeti vya shule viwe na jina moja. Penye kosa parekebishwe kwa njia ya halali, hata kama itachukua miezi.

Pili, viza iwe ya kile unachokwenda kukifanya. Ya kazi kwa kazi, ya masomo kwa masomo, ya Hija kwa Hija.

Tatu, hakuna kuondoka kwenda kazini bila mkataba ulioandikwa, unaoeleweka kwa lugha ya anayekwenda, uliopita katika ofisi ya serikali inayosimamia ajira na kuhakikiwa na ubalozi wetu wa nchi aendako. Nakala moja ibaki nyumbani.

Nne, msafiri akifika ajiandikishe ubalozini au katika ofisi ya konseli, na aihifadhi namba ya simu ya ubalozi mahali ambapo simu ikichukuliwa bado ataikumbuka.

Tano, na hili ni letu sote hapa, msikiti uwe na daftari la wasafiri. Tunaandika waliotoa sadaka ya ujenzi na waliochangia futari. Tuandike pia kila mtoto wa mtaa huu aliyekwenda ng'ambo: jina lake kama lilivyo katika pasipoti, namba ya pasipoti, mji alioko, jina la mwajiri au chuo, na simu ya mzazi. Daftari likae kwa katibu, kwa siri na uaminifu. Mwezi wa pili ukipita bila simu ya binti, mzazi asianze kulia kwa majirani. Aje kwa katibu, nakala itolewe, na barua iende Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini ikiwa na jina, namba na anuani. Barua yenye mambo hayo hufanyiwa kazi. Barua inayosema "mwanangu yuko Uarabuni" haina pa kuanzia.

Hili halihitaji mfadhili wala mkutano mkubwa. Daftari la kurasa 96 linapatikana katika duka lolote Kariakoo, na tunaomba jamaa waanze kuandikisha baada ya sala ya Alasiri ya leo, wakianza na wenye mabinti walioko Ghuba.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote nchi kavu, baharini na angani, awarejeshe salama kwa wazazi wao, na awape waliodhulumiwa haki zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.